Kilo Ishirini na Saba kwa Ajili ya Anaeli

Jumamosi, 11 Januari

Nimepima tena. Mia moja na kumi na saba. Wiki iliyopita mia moja na kumi na saba. Dada wa duka la dawa hutazama pembeni ninapopanda mzani, kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo. Afadhali angetazama.

Wiki nzima nimekula mboga za majani na kutembea hadi kanisani na kurudi. Wiki nzima pia nimeoka keki nne za watu. Keki ikitoka kwenye oveni huwa imevimba juu, lazima uisawazishe kwa kisu kabla ya kuipaka. Kile kipande cha juu hakina pa kwenda. Miaka kumi na minne vipande hivyo vimekuja tumboni kwangu. Watu wa Lemara husema biashara ya keki imenikubali. Wanasema hivyo wakinitazama kiuno.

Daktari hakusema nijitahidi. Alisema, "Chini ya tisini ndipo tuendelee na vipimo. Juu ya hapo hakuna atakayekupasua." Damu yangu na ya Anaeli zimeendana. Figo ipo. Kinachoizuia ni mafuta yangu.

Mdogo wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mimi nanyemelea vipande vya keki jikoni kwangu mwenyewe. Nimeiandika ili niione.

Jumapili, 19 Januari

Nimeacha kikundi cha mbio. Nilidumu Jumamosi moja. Fulana yao kubwa kuliko zote iliishia mabegani. Kiongozi wao, mwenye filimbi shingoni, alikuwa anarudi nyuma kila mara kunipigia makofi. "Mama, usikate tamaa, tuko na wewe." Watu wote wakageuka. Walikuwa na nia njema, wote. Nilirudi kwa bodaboda, nikala mkate mzima, mkavu, nimesimama.

Zakaria, mume wangu, amerudi kutoka porini na watalii wake. Nilipomwambia nataka kupungua alicheka. Nilipomwambia kwa nini, alinuna. Anasema watu watasema hanilishi. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba hajakubali mtu anifungue tumbo. Na kwamba Anaeli ana ndugu mwingine.

Kweli anaye. Elibariki yuko Nduruma na vitunguu vyake, mwembamba kama fito, ndiye kitinda mimba wetu. Tangu daktari aseme ndugu waje wapimwe, simu yake haipatikani. Nduruma si mbali. Ningeweza kwenda kumgongea. Siendi. Naogopa atakachosema, na naogopa nitakachomjibu.

Jumapili, 26 Januari

Kikwe kwa mama, baada ya ibada. Alikuwa amepika loshoro, ndizi na mahindi na maziwa mgando, akanijazia bakuli. Nikasema nitakula nusu. Akaweka mwiko chini. Kwetu mtoto akikataa loshoro ya mama yake basi anaumwa, au kuna mtu amegombana naye.

"Mmoja amevimba maji," mama alisema. "Wewe unataka kukauka. Mnataka nibaki na nani?"

Nilikula bakuli lote. Nikaongeza. Akafurahi, nami nikafurahi. Njiani nilijiona kama mwizi.

Hakuna mtu upande wangu. Ndivyo ilivyo. Anaeli mwenyewe hajaniomba kitu. Akiniuliza maendeleo namwambia yapo.

Jumatatu, 3 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi geti likagongwa. Upendo, mke wa Anaeli. Amevaa raba na kofia ya sufu ya mumewe. Ametembea kutoka Njiro.

Huyu mwanamke na mimi hatujasemezana miaka sita. Kwenye msiba wa baba, watu wakipanga viti, alisema mbele ya waombolezaji, "Hicho msimpe wifi, kitavunjika." Akina mama wa kanisani waliinamia vikombe vyao vya chai. Mabega yalikuwa yanatikisika. Msiba wa baba yangu mzazi nikaukaa mkekani, na magoti haya. Tangu hapo salamu zetu zinapita kwa Anaeli.

Leo hakuomba radhi. Hakusalimia vizuri hata. Alisema, "Wifi, vaa viatu."

Nikavaa. Sijui kwa nini. Tulitembea dakika arobaini bila neno. Alikuwa ananitazama magoti, mgongo, jinsi ninavyohema, kama mtu aliyekuja mnadani kununua ng'ombe. Hakuingia kunywa chai. Akasema, "Kesho."

Jumamosi, 8 Februari

Mia moja na kumi na tano na nusu.

Amekuja siku sita mfululizo. Namchukia zaidi ya nilivyomchukia mwaka jana. Visigino vinawaka.

Alhamisi, 27 Februari

Ameniondolea soda. Ameniondolea vitumbua vya asubuhi. Wali ni kikombe kimoja cha chai, umesawazishwa juu kwa kisu, na kisu ni changu. Anapitia friji yangu kama afisa afya. Hasemi hongera. Nikipungua anasema, "Bado ngapi?" Kwake mimi ni figo yenye miguu.

Kitu kimoja kizuri. Anaeli hunipigia kila jioni. Yeye anaruhusiwa maji kidogo sana kwa siku, mengine mwili wake hauna pa kuyatoa. Leo tuliambiana.

"Vikombe viwili na nusu, dada. Na wewe?"

"Chapati moja. Nilitaka tano."

"Mimi nilitaka mto Themi wote."

Tulicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu anayekaa na hamu kama yangu kutwa nzima, na akikosea anakufa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mia moja na saba. Mvua. Barabara yetu imekuwa tope la kubandika viatu. Mlima hatujauona wiki mbili. Nilidhani mvua itamzuia Upendo. Alikuja na mwavuli mmoja, hakunipa nafasi chini yake.

Nimelala mapema kila siku. Nimemjibu mteja vibaya. Nimemjibu binti yangu Glory vibaya, mtoto kapiga simu kutoka shuleni kutaka tu kusikia sauti. Njaa imenipa tabia ya mtu mwingine. Nikikaa nataka kusimama. Nikisimama nazunguka jikoni nafungua makabati na kuyafunga.

Zakaria anakula kabichi langu bila maneno. Sijamuuliza.

Jumamosi, 10 Mei

Mia moja na mbili. Wiki ya nne mia moja na mbili. Nimeshuka mzanini nikapanda tena. Nimevua mkufu. Nimevua kilemba. Mia moja na mbili.

Upendo alisema, "Kuna kitu unakula."

Hakuna nilichokula. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuwa nimekula kitu.

Jumatano, 14 Mei

Nimekula.

Keki ya harusi ya ghorofa tano, ya Jumamosi. Nimesawazisha keki tano, vipande vitano viko kwenye sinia, vya vanila, bado vina moto. Nikasema kama nashtakiwa bure, basi niwe na kosa. Nilijifungia stoo pamoja na unga. Nilikula vitano vyote, na bakuli la aisingi ya kupakia nikalifuta kwa kidole. Havikuwa vitamu kama nilivyokumbuka. Niliendelea kula hata baada ya kujua hilo.

Ijumaa, 16 Mei

Ameona. Aisingi ilikuwa kwenye mkono wa sweta, nyuma ya kiwiko, nisingeweza kuiona. Tulikuwa tumeshafika barabara ya lami. Alinishika mkono, akausogeza karibu na macho yake, akaunusa.

Alisema kwa upole, na huo upole ndio siwezi kuusahau. "Wifi, hicho unachokula ni mume wangu."

Nikamwambia niliyoyabana miaka sita. Kiti. Mkeka. Nikamwambia hanipendi na hajawahi kunipenda, anataka tu kilicho ndani ya tumbo langu. Nikamwambia akatafute figo sokoni. Watu waliokuwa wanasubiri usafiri walinyamaza wakasikiliza.

Aligeuka akaelekea Njiro.

Nimefanya vibaya. Pia nilisema kweli. Vyote viwili vinanikaa kifuani.

Jumapili, 1 Juni

Wiki mbili geti halijagongwa. Saa kumi na mbili naamka mwenyewe. Nakaa kitandani nasikiliza. Siendi kutembea.

Mia moja na tano.

Jumatano, 11 Juni

Anaeli amelazwa. Maji yamepanda kwenye mapafu. Nilimkuta amekalishwa, hawezi kulala chali, uso umejaa mpaka macho ni mistari miwili. Upendo alikuwa upande wa pili wa kitanda anamfuta midomo kwa pamba yenye maji. Alinipa kiti. Hakunitazama.

Anaeli hawezi kuongea sentensi ndefu. Alisema, "Dada. Umependeza." Nina kilo mia moja na tano na yeye anazama ndani ya mwili wake, ananiambia nimependeza.

Sina muda. Daktari hakusema, lakini niliona jinsi alivyofunga faili. Nitapungua. Sasa hivi, kwa njia yoyote.

Jumamosi, 21 Juni

Tisini na nane na nusu. Siku kumi, kilo sita na nusu.

Kuna mwanamke sokoni anauza majani ya kuchemsha. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Yanakukimbiza chooni kutwa. Nimeongeza changu: sili kitu isipokuwa tango na ndimu. Zakaria yuko porini, hakuna wa kuuliza. Kichwa kinagonga. Vidole vinakufa ganzi. Sijali. Kwa mwendo huu mwezi ujao nipo chini ya tisini, na nitamtafuta Upendo nimwonyeshe karatasi ya mzani.

Jumatatu, 23 Juni

Tisini na saba. Moyo unarukaruka kama una kwato. Nimeacha oveni imewaka, keki imeungua. Nimemwambia mteja umeme ulikatika.

Ijumaa, 27 Juni

Naandika nikiwa wodini. Mkono wa kulia una dripu, naandika kwa kushoto kwa shida.

Jumatano asubuhi nilikuwa naenda dukani. Nakumbuka kuona mlima, mweupe kwa ukungu, nikafikiri leo kutakuwa na baridi. Kisha lami ikawa shavuni. Waliotaka kupiga simu kwa ndugu zangu walifungua simu yangu wakatafuta namba ninayopigiwa mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa ya Anaeli, haikupokelewa; iliyofuata ilikuwa ya Upendo. Simu za asubuhi za "nimegonga, toka nje", miezi mitatu na nusu.

Daktari anasema chumvi za mwili zilishuka mpaka moyo ukaanza kukosea. Akauliza nimekunywa nini. Nikadanganya. Upendo akamwambia, "Kuna majani kwenye sufuria jikoni kwake, nimeyaleta." Akayatoa kwenye mkoba, kwenye mfuko wa nailoni.

Alikaa hadi saa za wageni zikaisha. Halafu akasema bila kunigeukia:

"Kile kiti kilikuwa na mguu mbovu. Mimi ndiye niliyekileta kutoka kwa jirani, nilijua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kina mguu mbovu.

"Kwa sababu watu walicheka," alisema, "na mimi nilikuwa mgeni kwenu, sijawahi kuchekesha watu wa nyumba ile. Nikakaa kimya." Kisha akasema, "Nilikuja kwako kwa ajili ya figo. Ni kweli. Kwa ajili ya nini kingine ningekuja, wewe hukutaka hata kuniona?"

Alinimenyea chungwa. Akanipa nusu, akala nusu.

Jumapili, 29 Juni

Anaeli ameruhusiwa, maji yametoka. Amekuja wodini kwangu, yeye sasa mgeni na mimi mgonjwa. Nilidhani atanibembeleza. Alikuwa na hasira kama ya baba.

"Dada, figo ya mtu aliyejiua siitaki. Ukirudia nitakwenda kwa daktari nisaini kwamba sikutaki."

Nikamwambia nilimwona anakufa.

"Na mimi nilikuwa nakuona unaishi," alisema. "Hicho ndicho nilichokuwa naangalia. Usiniondolee hicho."

Mama alipoingia nikamwambia shikamoo, akasahau kuitikia. Alinitazama, akamtazama Anaeli, akakaa chini kwenye kiti kati yetu na kufunika uso kwa khanga.

Jumatatu, 7 Julai

Saa kumi na mbili. Geti.

Baridi ya Julai, pumzi inatoka kama moshi. Tumekwenda mpaka kona tu, pole pole, kisha tukarudi. Hospitali wamenipangia mlo, na wamesema kilo tatu kwa mwezi, nne zikizidi. Nimeubandika ukutani juu ya oveni. Upendo ameusoma wote, akaniuliza tutapika nini. Tutapika. Ameanza kula ninachokula. Figiri, maharage, ugali kiasi cha ngumi. Anasema tumbo lake halijawahi kuona ukame kama huu.

Jioni anapita na kopo. Anachukua vipande vyote vya juu vya keki, anawapelekea manesi wa chumba cha kusafishia damu. Wamemzoea. Wanamwita Mama Keki, jina langu hilo. Sikukasirika sana.

Jumamosi, 16 Agosti

Tisini na nne na nusu.

Sasa watu wanasema. Mashavu yameingia, shingo imetokeza. Mteja wa kipaimara ameahirisha keki, amempa mtu mwingine. Mwingine alimuuliza Zakaria kama nimeanza dawa, na jinsi alivyolitamka neno dawa kila mtu alijua ni zipi. Kwaya nzima inanisalimia kwa sauti ya hospitali.

Nililia jikoni. Si kwa uongo wao. Nilikuwa mnene miaka ishirini, waliniona mzima. Sasa napanda kilima bila kusimama, wananiona maiti.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Zakaria alisimama nje ya kanisa, mbele ya wazee na wake zao. Ni mtu asiyependa kuongea. Akasema, "Mke wangu haumwi. Anamwandalia mdogo wake figo. Mwenye swali aniulize mimi." Akaingia kwenye gari akawasha injini.

Nyumbani nikamuuliza, kwani umekubali. Akasema hajakubali. Akasema anaogopa tu kidogo kuliko zamani.

Jumamosi, 27 Septemba

Themanini na tisa na nusu.

Dada wa duka la dawa alitazama safari hii. Akaandika namba kwenye karatasi, akaisoma kwa sauti, akanipa. Upendo aliichukua akaikunja mara nne akaiweka kwenye sidiria. Tulitembea kurudi. Getini kwangu akakaa chini kwenye jiwe akalia kwa kelele, mdomo wazi, kama mtoto. Nilimsubiri.

Jumanne, 14 Oktoba

Dar es Salaam. Joto. Siku nane za vipimo. Damu, mkojo, moyo, picha, maswali ya mtu wa ushauri kuhusu kama kuna anayenilazimisha. Nilisema hapana. Ilikuwa kweli.

Leo wameniita. Daktari ni mwanamke, kijana, alifunga mlango kwanza. Figo zangu mbili hazigawani kazi sawa. Ya kulia inafanya karibu yote. Ya kushoto ipo, ina uhai, lakini ni mvivu tangu nizaliwe. Kipimo hiki huwa cha mwisho, baada ya vingine vyote, ndiyo maana hakuna aliyejua. Wakimpa Anaeli ya kushoto haitamsaidia. Wakimpa ya kulia mimi ndiye nitakayelala kwenye mashine.

"Hatuwezi," alisema. "Pole sana. Na kwa figo kama zako, kupunguza uzito kumekusaidia wewe mwenyewe kuliko unavyojua."

Sikutaka kusaidiwa mimi.

Upendo alikuwa nje kwenye benchi. Alinitazama usoni akajua. Alisogea kunipa nafasi. Mkono wake ulikuwa wa baridi na joto lote lile.

Anaeli alipopigiwa simu aliuliza, "Dada, umekula?"

Jumapili, 19 Oktoba

Kikwe. Tulikwenda kumwambia mama, mimi, Zakaria na Upendo. Anaeli alibaki amelala.

Elibariki alikuwepo. Mama alimwita, na safari hii alimwita kupitia kwa mchungaji. Alikuwa amesimama kwenye migomba na kofia mkononi. Alipoona nashuka kwenye gari alitazama nyuma yangu, anatafuta dada yake. Kisha akanitambua. Hatujaonana mwaka na zaidi.

Niliwaza maneno mengi ya kumpiga nayo. Sikusema hata moja. Nilikaa kwenye benchi nikawaeleza majibu. Hakuna aliyemtazama, hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kama tungemtazama.

Alisema akiwa amesimama, "Mimi naogopa sindano. Naogopa damu. Nilikimbia. Nilijiambia dada ni mkubwa, ana mwili, atatoa yeye." Akaipindapinda kofia. "Sikujua unatoa hivi. Mwili wote huu."

Mama akamwambia akae. Hakukaa.

"Jumatatu nakwenda kupimwa," alisema.

Ninapaswa kufurahi. Nilifurahi. Na kulikuwa na wivu, naandika hivyo hivyo, wivu mbichi. Miezi tisa nimejichonga. Yeye atakwenda na mwili aliopewa na Mungu bure, aipate sifa yote. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama na ng'ombe wa mama mpaka ukapungua.

Jumatano, 22 Oktoba

Nilijiambia Upendo hatakuja. Hana sababu tena. Nilijifunika shuka mpaka kichwani saa kumi na moja na nusu nikasema leo nalala, na mchana nitakula ninachotaka, hakuna anayenidai.

Saa kumi na mbili geti likagongwa.

Nilitoka na gauni la kulalia. Nikamuuliza amekuja kufanya nini.

"Nimezoea," alisema. Akatazama chini, akafunga kamba ya raba iliyokuwa imefungwa vizuri tu. "Na wewe una figo moja inayofanya kazi. Nani ataiangalia?"

Nikaenda kuvaa.

Jumamosi, 29 Novemba

Themanini na nane. Elibariki amepita vipimo vya mwanzo. Alitapika walipomtoa damu, akarudi kesho yake wakamtoa tena. Amenipigia simu kuuliza kama kupasuliwa huwa kunauma. Nikamwambia sikufika huko. Akasema, "Ungefika." Ni mtoto mzuri. Nilikuwa nimesahau.

Jumanne, 13 Januari

Elibariki alipita vipimo vyote; leo asubuhi yeye na Anaeli wameingia chumba cha upasuaji, yeye kwanza. Upendo yuko huko Dar. Mimi nimebaki, mama hawezi kukaa peke yake na hawezi kusafiri. Nimemchukua kwangu Lemara.

Tumeoka. Sikuwa na oda yoyote. Alikaa kwenye kiti anachekecha unga, alichekecha unga ule ule mara tatu au nne. Saa saba hakuna simu. Saa nane hakuna. Nilizunguka nyumba. Nilifagia palipofagiliwa. Nilitaka kula kila kitu kilichokuwa mezani na nilijua kabisa hiyo si njaa. Nikamwambia mama, "Nataka kula kwa hofu." Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Akanishika mkono akanikalisha, akanipa chekeche.

Saa kumi na dakika kumi simu ikalia. Upendo alikuwa analia na kucheka, sikuelewa neno. Akampa nesi simu. Nesi akasema wote wawili wametoka salama, na figo imeanza kazi pale pale mezani. Mgonjwa amekojoa.

Nikamwambia mama amekojoa. Mama alisimama akaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani kwa Kimeru, na unga kwenye nyusi.

Jumapili, 25 Januari

Asubuhi nimetoka peke yangu. Mama bado amelala, Zakaria yuko porini. Hakuna ukungu. Barabara kavu.

Elibariki ameruhusiwa kutoka wodini, analalamikia chakula. Anaeli bado yupo. Ameruhusiwa kunywa maji. Wamemwambia anywe sana, na yeye anashika glasi, anasema Upendo, anaizungusha mkononi muda mrefu kabla ya kuinywa.

Sijapima wiki hii. Nitapima, si leo.

Nilikuwa nimefika kwenye duka la mkaa simu ikaita. Upendo. Yuko nje ya hospitali, anatembea, anazunguka ukuta. Anasema huko jasho linaanza kabla ya viatu. Nikaweka simu sikioni chini ya kilemba, nikaendelea. Hatukuongea sana. Nilisikia hatua zake na magari ya huko. Yeye alisikia zangu, nadhani.

Baada ya muda akasema, "Punguza mwendo, umefika kilimani."

Nikapunguza.